Samaki Arudi Majini Akiwa Mzima

Karibu kila ninayempandisha kwenye mashua huniuliza swali lilelile: samaki wa kurudishwa majini anashikwaje? Swali ni zuri, ila huja limechelewa. Saa ile samaki yumo mkononi mwako, sehemu kubwa ya hatima yake imeshaamuliwa na vitu ulivyovipanga ukiwa nchi kavu: aina ya ndoana, unene wa mshipi, joto la maji, na kama koleo liko kiunoni au limefukiwa chini ya mizigo. Samaki anaweza kukupigia mkia na kuondoka kwa mbwembwe, ukafurahi, kisha akafa usiku huko chini usikomwona. Kwa hiyo maelezo yangu yanaanza mbali kidogo na maji, na nitakaa huko muda mrefu kuliko ulivyotarajia.

Amua kabla ya kutupa ndoana

Anza na sheria ya maji unayovulia. Si leseni tu. Uliza msimu, urefu unaoruhusiwa, aina ya chambo, na kama samaki huyo anatakiwa kurudishwa au hatakiwi kabisa kurudishwa. Kuna maziwa na mito ambako samaki mvamizi akishanaswa ni kosa kumwachia tena akiwa hai. Na kuna nchi ambako mchezo wenyewe wa kuvua na kuachilia unatazamwa kwa jicho baya: Uswisi hairuhusu mtu kwenda kuvua akiwa na nia ya kuwarudisha samaki wote, na Ujerumani sheria ya ulinzi wa wanyama inadai uwe na sababu ya maana ya kumuumiza mnyama. Hoja yao ina uzito. Mimi navua na kuachilia, lakini sijidanganyi kwamba samaki anafurahia.

Kisha amua: leo unakula au unaachilia? Ukisema utakula wawili, basi wawili wa kwanza wenye urefu halali wauawe mara moja, kwa pigo moja kali juu ya kichwa, nyuma kidogo ya macho, wawekwe kwenye barafu. Kinachoua samaki wengi bure ni kusitasita. Mtu anamfunga samaki kwa kamba kupitia shavuni, anamburuta ubavuni mwa mashua asubuhi nzima, mchana anamwonea huruma, anamfungua. Huyo hajaachiliwa. Huyo ametupwa.

Ndoana na mshipi

Napenda ndoana yenye ncha moja. Chambo bandia vingi huuzwa vikiwa na ndoana za ncha tatu, moja mbele na moja nyuma. Zing'oe, uweke moja ya ncha moja nyuma, na utaona chambo kinaogelea vizuri tu. Ndoana za ncha tatu hushika mdomo, jicho na shavu kwa pamoja, na wakati unahangaika kuchomoa moja, ya pili inaingia kwenye wavu na ya tatu inakutafuta kidole.

Halafu bana kile kijino kinachoelekea nyuma. Chukua koleo la mdomo mwembamba, kishike kijino chote, ubane mpaka kilale. Jaribu kwa kuipitisha ndoana kwenye kitambaa cha shati: ikitoka bila kung'ang'ania, iko tayari. Watu hulalamika kwamba samaki watachomoka. Watachomoka ukilegeza mshipi. Ukiuweka umekaza muda wote na fimbo imepinda, wanaopotea ni wachache, na wengi wao ni wale uliokuwa ukiwaachilia hata hivyo.

Ukitumia chambo hai au kipande cha nyama, hatari kubwa ni samaki kumeza. Hapo nashauri ndoana ya mviringo, ile ambayo ncha yake imegeukia kwenye shina. Inaingia kooni, lakini mshipi ukivutwa taratibu inateleza kutoka nje na kushika pembeni mwa mdomo. Ina sharti moja ambalo mikono ya wavuvi wa zamani hulikataa: usikurupushe fimbo. Mshipi ukianza kwenda, zungusha rili tu, yaani kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, polepole, mpaka uzito ukae wenyewe. Anayekurupusha ananyang'anya ndoana hiyo faida yake yote.

Kuhusu mshipi, nina ugomvi wa kudumu na wale wanaojisifu kumchosha samaki mkubwa kwa uzi mwembamba. Samaki anapopigana hutumia misuli yake myeupe, ile ya mbio fupi, na misuli hiyo huzalisha asidi ya laktiki inayoingia kwenye damu. Dakika chache atavumilia. Nusu saa ni kumtia sumu kwa kazi yake mwenyewe. Funga mshipi wenye nguvu kuliko unavyodhani unahitaji, weka breki ya rili mahali pake kabla ya kuanza, na umlete samaki mapema angali na hasira. Kwa samaki wenye meno makali, weka waya mbele ya ndoana. Samaki anayekata mshipi huondoka na chambo chako chote mdomoni.

Wavu wa kuopolea uwe wa mpira au wa nyuzi zisizo na mafundo. Ute unaomfunika samaki ndio ngozi yake ya nje inayomkinga na ukungu na vijidudu vya majini. Wavu wa nailoni wenye mafundo humkwangua ute huo na kumpasua mapezi, na siku chache baadaye unaota juu yake utando mweupe kama pamba. Mpini uwe mrefu. Koleo lifungwe kwa kamba fupi mahali mkono wako unapofika ukiwa umeketi. Kando yake weka mkasi wa kukatia waya. Siku utakapouhitaji, huenda ukauhitaji kwa ndoana iliyoingia kwenye nyama yako.

Pima maji

Kipimajoto kidogo chenye kamba ni chombo ninachokithamini kuliko chambo chochote. Maji baridi hushika oksijeni nyingi kuliko ya moto. Yakiwa na nyuzi 10 za selsiasi, lita moja inaweza kubeba takriban miligramu 11 za oksijeni. Kwenye nyuzi 20 hushuka hadi kama 9, na kwenye nyuzi 30 ni 7.5 hivi. Wakati huohuo joto linaupandisha mwili wa samaki kasi, anahitaji oksijeni zaidi. Anapata kidogo palepale anapohitaji nyingi.

Kwa trauti, samaki wa maji ya baridi, mpaka wangu ni nyuzi 20. Ikifika hapo nakunja fimbo, au navua aina nyingine. Sangara, sato na besi wameumbwa kwa maji ya joto, lakini nao kwenye joto kali la mchana hupumzika vibaya baada ya pambano. Watu husema basi vua alfajiri. Ni kweli kwenye mto na kwenye ziwa safi. Kwenye bwawa lililojaa majani ya majini na mwani, alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote, kwa sababu mimea ile imekuwa ikivuta oksijeni usiku kucha bila jua la kuirudisha. Ukiona samaki wadogo wanahemea juu ya maji kabla ya jua kuchomoza, waache. Rudi jua likishapanda kidogo.

Mashua

Mtu anayeyumba kwenye mashua hawezi kumshika samaki kwa upole. Atamkumbatia kifuani, atamwangusha sakafuni, au ataanguka naye.

Ukaguzi wangu unaanzia chini. Nguruzi, yaani kile kizibo cha tundu la kutolea maji, iwe imekazwa kabla mashua haijagusa maji. Ni kitu kidogo kinachozamisha vyombo vikubwa hatua chache kutoka gatini. Tangi la petroli linalobebeka lijaziwe likiwa nje ya mashua, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutulia ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, ukisubiri cheche. Kopo la kutolea maji liwemo, na kasia liwemo hata kama injini ni mpya. Hesabu watu na mizigo dhidi ya uzito ulioandikwa kwenye kibao cha chombo, na ukumbuke kwamba siku yenye mawimbi kibao hicho kinakuwa kimekusifia.

Jaketi la kuokolea maisha livaliwe. Lisiwe mto wa kukalia. Anayeanguka ghafla hapati nafasi ya kulitafuta, na kwenye maji ya baridi mambo yanakwenda hivi: kama dakika 1 ya mwanzo unahema bila kujizuia na ukimeza maji hapo umekwisha, kama dakika 10 zinazofuata mikono bado inakutii, baada ya hapo vidole havifungi hata kifungo, ingawa huenda ikachukua saa 1 hivi baridi kukupotezea fahamu. Jaketi ndilo linalokuvusha dakika ile ya kwanza. Kama injini ina kamba ya kuizima, ifunge kwenye mguu au mkono wa anayeshika usukani. Mashua isiyo na mtu huendelea kuzunguka, na kinachozunguka nacho ni rafadha, ile panga ya injini majini.

Nanga ishushwe kwa omo, yaani mbele ya chombo, kamwe si kwa tezi, nyuma. Nyuma ndiko kuna uzito wa injini na ukingo mfupi, na wimbi likija kutoka huko chombo kimefungwa hakiwezi kuinuka, maji yanaingia. Amari, yaani kamba ya nanga, iwe ndefu, mara 5 ya kina kwa kituo kifupi, mara 7 kama unakaa. Kwenye mto wenye mkondo mkali mimi sitii nanga kabisa.

Njiani, mkikutana uso kwa uso na chombo kingine cha injini, kila mmoja apinde kulia kwake. Anayekukata njia akitokea upande wako wa kulia mpishe. Unayempita mwenzio, wewe ndiye wa kukaa mbali. Ukimwona mtu ameketi na fimbo, punguza mwendo mapema, kwa kuwa mawimbi yako yanamfika baada ya wewe kusahau kuwa yupo. Na nchi kavu abaki mtu mmoja anayejua mmeelekea wapi na mnarudi saa ngapi.

Radi haina mjadala. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, gawa kwa 3, unapata kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10, na kwa umbali huo uko tayari ndani ya eneo la hatari. Laza fimbo, hasa zile za nyuzi za kaboni maana zinapitisha umeme, elekea ufukweni, na usirudi majini mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Sasa samaki ameshika. Mashua inaelea bila nanga na upepo unaisukuma. Wengi hupigana na samaki upande ule inakoelekea mashua, na chombo kinampanda samaki juu, mshipi unakwaruza chini ya chombo au unazunguka rafadha. Mlete upande unaotokea upepo, ili mashua imwondokee badala ya kumfuata. Injini izimwe, kuiweka huru hakutoshi mkono wa mtu unapokuwa nje ya ukingo. Asimame mmoja tu kama ni lazima. Mwenye wavu apige magoti katikati ya chombo, auzamishe wavu majini, atulie, na mwenye fimbo ndiye amwongoze samaki aingie kichwa kwanza. Kumkimbiza samaki kwa wavu kunamtisha na kumrudishia nguvu za kukimbia ambazo atazilipia baadaye.

Samaki wa kina kirefu

Hapa kuna jambo ambalo wapole kabisa huua samaki bila kujua. Kwenye kina cha mita 10 shinikizo ni mara mbili ya lile la juu. Hewa iliyo kwenye kibofu cha samaki, akipandishwa kutoka kina hicho, hutanuka mara mbili. Trauti na kambale wana njia ya kuitoa kupitia kooni. Sangara, sato na besi hawana. Hewa yao huingia na kutoka kupitia damu, kazi ya saa nyingi. Ndiyo maana kumpandisha polepole hakusaidii: hata ukichukua dakika 10, kwake ni ghafla, na umemchosha juu yake.

Dalili utaziona. Tumbo limevimba, macho yametoka, na kitu chekundu kama puto kimejaza mdomo. Hicho si kibofu, ni tumbo la chakula limesukumwa nje. Usilitoboe. Pia usimwache aelee juu ukidhani atajizamisha. Jua na ndege watamaliza.

Njia inayofaa ni kumrudisha chini haraka. Vipo vibanio maalumu vya kumshika taya na kumfungua akifika kina fulani. Kama huna, chukua ndoana kubwa isiyo na kijino, uigeuze: mshipi ufunge kwenye pindo lake, chubwi zito, yaani kile kizito cha kuzamishia mshipi, uning'inize kwenye tundu la ndoana, ili ncha itazame chini. Ipitishe kwenye ngozi nyembamba ya mdomo, pale palipokwisha kutobolewa. Chubwi litamshusha. Akifika kina alikotoka, au hata nusu yake, vuta juu mara moja kwa nguvu, ndoana itachomoka. Lakini jibu bora ni kutovua chini ya mita 10 siku unayokusudia kuachilia. Ukiwa huko chini na wa kwanza amepanda amevimba, hao wa pili na wa tatu watapanda vilevile. Hama, au wahesabie kuwa chakula.

Mkononi

Samaki akiwa ndani ya wavu, wavu ubaki majini ubavuni mwa mashua. Hapo anapumua, na wewe una nafasi ya kufikiri. Lowesha mikono. Usitumie taulo wala glovu za pamba. Ndoana nyingi unaweza kuzitoa bila kumgusa samaki kabisa: shika shina kwa koleo, rudisha kwa njia ileile ilikoingilia, zungusha kidogo, imetoka.

Kama imemezwa na unaona mshipi tu ukipotelea kooni, acha kuchimba. Kata mshipi karibu na mdomo uwezavyo na umwache aende. Samaki aliyebaki na ndoana kooni ana nafasi nzuri zaidi kuliko aliyepasuliwa koo kwa kusaidiwa; wengi huitema, au ndoana yenyewe huota kutu mle mle. Kwa sababu hii situmii ndoana za chuma kisichoshika kutu kwenye maji baridi yasiyo na chumvi.

Sasa picha, kitu kilichowaharibu watu wengi wazuri. Mwaka 1992 watafiti wawili wa Kanada, Ferguson na Tufts, walichapisha jaribio ambalo mimi hulisimulia kila mara kamera inapotolewa. Waliwakimbiza trauti wa upinde wa mvua mpaka wakachoka kabisa, kisha wengine wakawaacha majini na wengine wakawatoa hewani. Ndani ya saa 12, waliochoshwa tu bila kutolewa walikufa asilimia 12. Waliokaa hewani sekunde 30 walikufa asilimia 38. Waliokaa sekunde 60, asilimia 72. Si kila samaki ni dhaifu kama trauti aliyechoshwa namna ile, kambale atakucheka. Lakini maelezo yake yanawahusu wengi: nje ya maji vile vinyuzi laini vya matamvua, viungo vya kupumulia vilivyo chini ya mashavu, hugandana, na damu iliyojaa asidi haipati pa kupumulia.

Kwa hiyo kwangu utaratibu ni huu. Samaki yuko wavuni, majini. Mpiga picha yuko tayari, ameshajaribu mwanga kwa kukupiga wewe mwenyewe. Mkono mmoja unashika shingo ya mkia, mwingine unapita chini ya kifua, nyuma ya mapezi ya mbele. Nahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano. Kwa tano samaki yuko majini tena, picha iwe imetoka au haikutoka. Ukitaka nyingine, apumue kwanza. Mshike amelala, juu ya maji na si juu ya sakafu ya mashua, na chini kiasi kwamba akiponyoka anaanguka majini. Samaki mzito usimning'inize kwa taya; uzito wote unabebwa na mifupa midogo ya mdomo na uti wa mgongo unavutika, na taya iliyoteguka haikamati chakula tena. Vidole visiingie kwenye matamvua.

Uzito? Weka mizani nyumbani. Pima urefu kwa sentimita, pima mzingo wa mwili palipo panene, zidisha urefu kwa mzingo, zidisha tena kwa mzingo, gawa kwa 29,000. Unapata kilo kwa kukadiria. Samaki wa sentimita 100 mwenye mzingo wa 60 ni kilo 12 na kitu. Kwa hadithi za baadaye, hiyo inatosha, na najua mtaongeza.

Kuna samaki wenye mambo yao. Sato jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni. Ukiona jike anatema punje za manjano au vidagaa vidogo wavuni, usimpige picha hata ya sekunde moja. Mrudishe palepale ulipomtoa, na wavu uuchovye majini uvipe nafasi navyo vitoke. Besi dume hulinda kiota chake kwenye maji mafupi. Ukimtoa, samaki wadogo hushambulia mayai dakika hiyohiyo, hivyo msimu wa viota waache wanaozunguka duara lililofagiliwa chini. Kambale ana miiba kwenye mapezi ya mbele, mshike nyuma ya miiba hiyo. Kamongo ndiye kinyume cha wote: anapumua hewa kwa mapafu, ni lazima apande juu, na ukimbana chini ya maji wavuni kwa nia njema utamzamisha.

Kumwachia

Mshike wima, tumbo chini, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, maji yaingie mdomoni na kutokea matamvuani. Kwenye ziwa lililotulia usimsukume mbele na nyuma kama wengi wafanyavyo, maana maji yanayoingia kwa nyuma hayamsaidii kitu. Mwache atulie ndani ya wavu, au mwenzako apige kasia taratibu mashua isogee mbele na samaki apate maji usoni.

Kabla ya kufungua vidole kuna majaribio mawili. Mgeuze ubavu kidogo: akijirudisha wima mwenyewe, vizuri. Bana shingo ya mkia polepole: akishtuka kutaka kukimbia, vizuri tena. Asipofanya lolote kati ya hayo, bado si wakati, hata kama wenzako wamechoka kusubiri. Akiwa tayari hutamwachia wewe, atakutoka. Usimtupe, hata kwa umbali wa dhiraa moja.

Angalia juu pia. Kama furukombe au mnandi wamezoea kufuata mashua yako, mwachie karibu na majani au upande wenye kivuli, ama sogea kwanza na samaki akiwa wavuni. Na kwenye maji yenye mamba, sahau nusu ya ushauri wangu kuhusu mikono majini. Tumia koleo refu, fungua ndoana samaki akiwa wavuni mbali na mwili wako, pindua wavu, basi. Hakuna samaki anayestahili mkono wa mtu.

Ukirudi, kusanya vipande vyote vya mshipi. Nailoni haiozi upesi, na mguu wa ndege hauna koleo. Chubwi za risasi zibadilishe kwa za chuma au madini mengine: ndege wa majini huzimeza pamoja na changarawe, na Uingereza ilipiga marufuku nyingi kati ya zile ndogo mwaka 1987 baada ya mabatamaji kufa kwa sumu yake. Mashua ikiwa juu ya gari, fungua nguruzi maji yote yatoke hapohapo, si kwenye ziwa la kesho. Ng'oa kila jani lililonasa kwenye rafadha na kwenye nanga, kwa sababu kipande kidogo cha gugu maji kinatosha kuanzisha zulia zima kwingine, na mabuu ya kome wavamizi hata huyaoni kwa macho. Kausha chombo kabisa kabla ya maji mengine. Wavu wa kuopolea nao uanikwe juani, pamoja na sakafu ya ngama na soli za viatu.